Likizo ya Familia Bila Haraka Mikindani: Mwongozo Kamili wa Kuishi Kama Wenyeji

Familia nyingi za Waswahili zinazoishi nje, ziwe za Nairobi, Muscat au London, hupanga likizo ya Tanzania kwa orodha ya vivutio: mbuga siku mbili, Zanzibar siku tatu, kisha ndugu wa Dar es Salaam katika siku zilizobaki. Wazazi hurudi kazini wakiwa wamechoka kuliko walivyoondoka, na watoto hukumbuka zaidi viti vya gari. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia inayotaka jambo jingine kabisa, yaani kukaa mahali pamoja kwa wiki tatu au nne, kupika chakula chake, kujulikana na majirani kwa jina na kuacha nusu ya siku bila mpango wowote.

Mahali ninapopendekeza ni Mikindani, mji mkongwe wa pwani ulio kilomita 10 hivi kutoka Mtwara mjini, unaoizunguka hori tulivu iliyokingwa na upepo. David Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na Wajerumani wakajenga boma lao juu ya mji mwaka 1895. Leo ni mji mdogo wa wavuvi, wachuuzi na walimu wa madrasa, ambao mgeni anaweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja. Ukubwa huo ndio faida yake. Mambo mawili yanatawala maisha ya hapa, maji ya bahari na mtaa, na familia ikiyafuata hayo mawili haitahitaji ratiba nyingine.

Hatua ya 1: Kuchagua wakati

Kusini mwa Tanzania kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kwa hiyo Juni, Julai na Agosti ni miezi mikavu, joto limepungua, barabara za vumbi zinapitika na usiku mtu hujifunika shuka. Ni miezi ya kusi pia, upepo unaotoka kusini-mashariki na kuichafua bahari kuu, ingawa ndani ya hori ya Mikindani maji hubaki yametulia kiasi cha kumruhusu mtoto kujifunza kuogelea.

Ikiwa unaweza kuchagua, njoo katikati ya Juni, kwa sababu shule za Tanzania huwa zimefunga hadi mapema Julai na wanao watapata wenzao wa kucheza nao kutwa nzima. Wanaofungwa na kalenda za Ulaya au za Kenya, wakalazimika kuja Agosti, watawapata watoto wa mtaa alasiri na mwishoni mwa wiki tu, lakini nao wana fidia: maonesho ya wakulima ya Nane Nane ya kanda ya kusini hufanyika katika viwanja vya Ngongo, Lindi, na kuanzia kipindi hicho nyangumi hupita karibu na pwani hii wakiwa na watoto wao.

Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vya watalii huisahau. Miezi hii mikorosho inatoa maua, na wakulima hupuliza salfa alfajiri ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga. Mwenye pumu katika familia asipite mashambani asubuhi mapema, na nyumba mnayopanga isiwe imepakana na shamba la mikorosho.

Hatua ya 2: Nyaraka na njia ya kufika

Raia wa Kenya na Uganda hawahitaji viza, lakini wanahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mwenye pasipoti ya nchi ya mbali aombe viza kupitia mtandao wa Uhamiaji mapema, na kila mtoto awe na yake. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake, kwani maofisa wana haki ya kuuliza.

Kutoka Dar es Salaam kuna ndege za ndani zinazotua Mtwara baada ya saa moja hivi, na kuna mabasi yanayoondoka alfajiri na kumaliza kilomita zipatazo 560 jioni. Ukiwa na watoto wadogo, nenda kwa ndege na urudi kwa basi, au kinyume chake, ili waione barabara ya kusini walau mara moja. Waonyeshe Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo abiria wa Lindi na Mtwara walivuka kwa pantoni, na wakati wa masika waliweza kukwama siku kadhaa, jambo ambalo wazee wa huku bado hulisimulia kwa uchungu.

Hatua ya 3: Kupata nyumba

Hapa ndipo likizo hufaulu au huharibika, kwa hiyo ipe hatua hii muda kuliko zote. Mtwara mjini, hasa Shangani, kuna nyumba nzuri zenye samani, nyingi zikiwa zilijengwa wakati wa pilikapilika za gesi asilia, kabla na baada ya bomba la kwenda Dar es Salaam kukamilika mwaka 2015. Ni nyumba za starehe, zina ukuta na geti. Tatizo ni hilo geti. Familia iliyokaa nyuma yake mwezi mzima itaijua pwani lakini haitamjua mtu, na sioni sababu ya kusafiri mbali hivyo ili kuishi kama mnavyoishi kwenu.

Mikindani nyumba zenye samani ni chache. Njia ya uhakika ni kufikia nyumba ya wageni kwa siku mbili tatu, kisha kuuliza kwa mdomo: kwa muuza duka, kwa mwalimu, kwa imamu au katekista. Dalali naye atakusaidia, ila fahamu kwamba malipo yake kwa kawaida ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, na kwamba wenye nyumba wengi wamezoea kupokea kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kwa makazi ya mwezi mmoja itakubidi ujadiliane moja kwa moja na mwenye nyumba, ukieleza tangu mwanzo kwamba utalipa zaidi kidogo kwa sababu ya ufupi wa muda. Andikishaneni karatasi, hata iwe ya ukurasa mmoja, na mashahidi wawili wa mtaani.

Kabla ya kulipa, kagua mambo haya kwa macho yako. Fungua bomba uone kama maji yanatoka, kisha uliza yanatoka siku zipi, maana nyumba isiyo na simtanki, yaani tangi la kuhifadhia maji, itawalazimu kuteka kwa ndoo. Angalia kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nyumba yenu peke yenu au mnashirikiana na wapangaji wengine, kwa kuwa ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia kwenye umeme wa pamoja. Pitisha mkono kwenye nyavu za madirisha kutafuta matundu. Ulizia jiko la nje, kwani kupika kwa mkaa ndani ya nyumba ni hatari. Mwisho, tafuta nyumba yenye kibaraza kinachotazama njia. Ukikaa kibarazani jioni ukichambua mchele, ndani ya siku tatu utakuwa umesalimiwa na mtaa wote, na watoto wako watakuwa wamepata marafiki kabla hujamaliza kupanga vyombo.

Umeme hununuliwa kwa simu: unatumiwa namba yenye tarakimu 20, unaiingiza kwenye mita. Nunua kidogo kidogo mpaka ujue matumizi yenu. Laini ya simu ya Tanzania husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, na bila laini hiyo utahangaika, kwa sababu umeme, nauli ya basi na hata samaki siku hizi hulipiwa kwa simu. Beba pia noti ndogo ndogo kwa ajili ya daladala na soko.

Hatua ya 4: Kujitambulisha mtaani

Siku ya kwanza au ya pili, mwenye nyumba akupeleke kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na pasipoti za familia. Utaandikwa kwenye daftari la wageni, na utaulizwa umetoka wapi na utakaa hadi lini. Usilichukulie kama udadisi. Mkoa huu unapakana na Msumbiji, ambako mapigano ya Cabo Delgado yalianza Oktoba 2017, na viongozi wa mitaa wameelekezwa kujua nani amelala wapi. Mgeni aliyejitambulisha mwenyewe hupata ulinzi wa mtaa mzima, na yule anayejificha huzungumzwa.

Baada ya hapo, pita nyumba za jirani ukiwa umewashika watoto mkono. Piga hodi ukiwa nje, ngoja uitikiwe, na usiingie ikiwa mwanamume wa nyumba hayupo na wewe ni mwanamume. Wafundishe watoto shikamoo kabla hawajapanda ndege, na wafundishe kuitoa bila kusukumwa, kwani mtoto asiyeamkia huku huhesabiwa kuwa hajalelewa, hata awe na adabu gani katika mambo mengine. Wewe mwenyewe hutaitwa kwa jina lako. Ikiwa mtoto wako wa kwanza ni Salma, mtaani utakuwa Mama Salma au Baba Salma hadi siku ya kuondoka.

Jambo moja la ukoo litakusaidia kuelewa mengi. Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera, ambao ndio wenyeji wa mikoa ya Mtwara na Lindi, kiasili huhesabu ukoo upande wa mama. Ndiyo maana ukiomba ruhusa ya jambo zito linalomhusu kijana wa jirani, kwa mfano kwenda naye safari, unaweza kuambiwa kwamba mjomba wake lazima asikie kwanza, hata kama baba yumo ndani anakunywa chai. Subiri mjomba asikie.

Kuhusu mavazi, mji ni wa Waislamu kwa sehemu kubwa na wenyeji hawatakukemea, lakini watakuona. Akina mama wawe na kanga mbili kila wanapotoka. Wanaume waache kaptura fupi na kutembea kifua wazi kwa ajili ya ufukweni. Picha za watu huombwa kwanza, na za watoto wa wengine huombwa kwa wazazi wao.

Hatua ya 5: Soko na jiko

Usinunue vyakula vya mwezi mzima katika maduka makubwa ya mjini. Kuishi kama mwenyeji ni kununua cha leo leo. Asubuhi mtoto mmoja atumwe vitumbua au mihogo ya kukaanga kwa mama wa karibu, akiwa na sahani yake na pesa kamili mkononi, na kazi hiyo iwe yake likizo yote. Mboga, mbaazi, nazi na unga vinapatikana palepale Mikindani, na mara moja kwa wiki pandeni daladala hadi soko kuu la Mtwara kwa ajili ya matunda na vitu vya duka.

Samaki huuzwa ufukweni kwa mnada, na mgeni hana haja ya kuingia kwenye mnada huo. Wanaoshindana pale ni wachuuzi wanaonunua ndoo nzima. Simama pembeni, ngoja mchuuzi amalize kununua, kisha mwombe akuuzie fungu. Bei ni ya fungu, si ya kilo, kwa hiyo macho yako ndiyo mizani: fungua shavu la samaki uone kama limebaki jekundu, bonyeza ubavu uone kama nyama inarudi, na tazama jicho kama lingali limetokeza. Changu na tasi wadogo wanafaa kukaanga. Kolekole na nguru ni wa mchuzi. Pweza mnunue mapema asubuhi na muulize mwuzaji kama ameshapigwa, maana pweza asiyepigwa atachemka hadi adhuhuri akiwa bado mgumu.

Nazi ikunwe na watoto, mradi wamefikia umri wa kukaa juu ya mbuzi bila kuyumba. Wafundishe kushika kifuu kwa mikono miwili, kukizungusha kidogo kidogo wakianzia ukingoni, na kuacha mara wanapoona unga unaanza kuwa na rangi ya kahawia, kwa kuwa hiyo ni ngozi ya ndani na huchafua tui. Machicha hutiwa maji ya uvuguvugu, hukamuliwa, tui la kwanza huwekwa kando, kisha hurudiwa mara ya pili na ya tatu. Tui jepesi ndilo la kuivishia, na lile zito huingia mwishoni moto ukiwa umepunguzwa na mwiko haukomi kukoroga, la sivyo litakatika. Mtoto aliyefanya kazi hiyo kwa wiki nne ataijua nazi kuliko watu wazima wengi wa mijini.

Katika vyakula vya huku usikose viwili. Cha kwanza ni ming'oko, mizizi myembamba ichimbwayo porini, ambayo huchemshwa na kuuzwa barabarani ikiwa bado na ganda lake jembamba. Humenywa kwa kucha na kuliwa kwa chumvi au pilipili. Cha pili ni ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi. Watoto wengine huukataa ugali huo siku ya kwanza kwa sababu ya harufu na mvutiko wake. Usiwalazimishe, wape wali, na uache sahani iendelee kuwapo mezani.

Korosho za kuliwa Juni na Julai ni za mavuno yaliyopita, kwa kuwa msimu mpya huanza Oktoba. Mkipata nafasi ya kuona akina mama wakibangua kwa mkono, nendeni, lakini watoto wasiguse korosho yenye ganda lililochomwa au kupasuliwa. Ndani ya ganda kuna mafuta meusi yanayounguza ngozi na kuacha malengelenge, na ndiyo sababu wabanguaji hupaka majivu au mafuta vidoleni kabla ya kuanza kazi.

Hatua ya 6: Kuipanga siku kwa maji

Mgeni huuliza saa ngapi kuna jua zuri. Mwenyeji huuliza maji yanakupwa saa ngapi. Pwani hii maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kufika mita tatu na zaidi. Mahali mlipoogelea jana alasiri, kesho kutwa asubuhi ni tope na mawe ambayo mtu huyavuka kwa miguu.

Kanuni ni rahisi na inafaa kubandikwa ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku chache baada yake, ni wakati wa bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana. Katika siku hizo kujaa huangukia karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukupwa huangukia karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja mwezi unakuwa nusu, yanakuja maji mafu yasiyopanda wala kushuka sana, na saa zimegeuka, kukupwa kukiwa karibu saa kumi.

Basi wiki ya bamvua ipangeni hivi. Kifungua kinywa kiliwe mapema, na ifikapo saa tatu muwe ufukweni na akina mama wanaokwenda miambani kutafuta makome, chaza na pweza. Omba kufuatana nao siku moja kabla, na usijipeleke mwenyewe, kwa sababu miamba ina watu wanaoitegemea, na baadhi ya vijiji vya pwani hii huifunga kwa muda ili pweza wakue. Vaeni viatu vyenye soli ngumu, maana kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia mguuni. Mtoto asiokote konokono mwenye gamba lililochongoka kama pia, kwani wapo wenye sumu kali. Shika adabu ya wenyeji: jiwe lililogeuzwa hurudishwa lilivyokuwa. Maji yanapoanza kurudi, akina mama watageuka bila kuitana. Geukeni nao papo hapo, kwa kuwa maji hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu.

Mchana wa wiki hiyo ni wa chakula na usingizi, na sisemi hivyo kwa mzaha. Kati ya saa saba na saa tisa Mikindani hulala, maduka hufungwa nusu mlango, na mzazi anayewazungusha watoto wakati huo atakuwa peke yake juani. Saa kumi maji yamejaa, na ndiyo saa ya kuogelea, wakati jua limeshapungua makali na watoto wa mtaa wamemaliza chuo.

Wiki ya maji mafu ni ya mambo ya nchi kavu, yaani kupanda hadi bomani kuutazama mji, kutembelea mafundi wa majahazi, kushona nguo kwa fundi cherehani, au kuvuka kwa kivuko kutoka Mtwara kwenda Msanga Mkuu na kurudi. Familia itakayoishi kwa zamu hizi mbili itaona mwezi umekwisha bila mtu kuuliza leo tunafanya nini.

Hatua ya 7: Watoto, michezo na ngoma

Waacheni watoto watoke. Wavulana watacheza chandimu, wasichana watacheza rede na kombolela, na chini ya mti atapatikana mzee wa bao atakayemfundisha mtoto yeyote anayejua kunyamaza. Simu na vishikwambi vibaki ndani, si kwa sababu ya wizi tu, bali kwa sababu mtoto mwenye simu huzungukwa na watazamaji badala ya marafiki. Mpira mmoja mzuri wa ngozi ukiachwa kwa timu ya mtaa utafanya kazi kuliko zawadi za pipi, ambazo huwafundisha watoto kuombaomba.

Likizo ya Juni ni wakati wa jando na unyago pia, na usiku mtasikia ngoma. Yale yanayofundishwa ndani hayamhusu asiyealikwa, kwa hiyo msiyafuate, msiyarekodi, na msimhoji mtoto aliyetoka huko. Sherehe ya kuwatoa wali, yaani vijana waliomaliza jando au unyago, ni jambo jingine. Hiyo ni ya hadhara, majirani wote hualikwa, na mkialikwa vaeni vizuri na mbebe kanga au pesa za kutunza. Huenda mkaona sindimba au mapiko, ngoma ya Wamakonde ambayo mchezaji wake huvaa kinyago cha kichwa kizima. Watoto wadogo huogopa mapiko, na wamekusudiwa waogope kidogo; kaeni nyuma.

Hatua ya 8: Afya

Malaria ipo mwaka mzima, hata katika miezi mikavu. Familia inayotoka nchi zisizo na malaria imwone daktari wiki kadhaa kabla ya safari kuhusu dawa za kinga, na kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo, hata kama mnadhani ni jua. Kipimo cha haraka hupatikana katika zahanati na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Kwa jambo kubwa zaidi kuna hospitali ya mkoa ya Ligula mjini Mtwara, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, upande huu wa Mikindani. Maji ya kunywa yachemshwe. Mabwawa na mito ya maji baridi msiyaoge, kwa ajili ya kichocho.

Hatua ya 9: Safari chache, kila moja na siku yake

Safari moja kwa wiki inatosha. Ya kwanza iwe Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, ambako kiingilio hulipwa na mchanga ni mweupe kwa urefu wote unaoweza kuuona. Bahari ya huko huwa na kina karibu na ufuko, tofauti na Mikindani, basi uliza wenyeji mahali pa watoto kabla ya mtu yeyote kuingia majini. Ulizia pia hali ya usalama kwa mwenyekiti wenu, na mpango wa kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji usiwepo kabisa.

Ya pili ni Lindi, kilomita 100 na kidogo kutoka Mtwara. Watoto waliowahi kufika jumba la makumbusho la Berlin na kuona mifupa ya dinosaria mkubwa, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, waelezwe kwamba ilichimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kwamba wapagazi waliibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari hii. Kwenda Tendaguru kwenyewe siwashauri wenye watoto: barabara ni ngumu na kilichobaki cha kuonekana ni pori. Simameni ufukweni Lindi, mwonyeshe mtoto mahali mizigo ilipopakiwa melini, kisha mvuke kwa chombo hadi Kitunda.

Ya tatu, kwa wenye watoto wakubwa, ni Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Kuna baridi jioni, na kutoka Shimo la Mungu ardhi inashuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981 na kutembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, iko mbali mno kwa siku moja. Iwekeni njiani mnaporudi Dar es Salaam kwa barabara, mkishuka Nangurukuru na kulala Kilwa Masoko usiku miwili.

Hatua ya 10: Kuondoka

Wiki moja kabla, mjulishe mwenye nyumba na mwenyekiti wa mtaa tarehe yenu. Vyombo, magodoro na ndoo mlizonunua wagawieni majirani waliowasaidia, kimyakimya na kila mmoja kwake, ili asiwepo wa kulinganisha. Makome, matumbawe na magamba ya kobe wa baharini yasiingie kwenye mabegi, kwa sababu kuyasafirisha bila kibali ni kosa na yatachukuliwa uwanja wa ndege. Vinyago vya mpingo ombeni risiti kwa mchongaji au dukani. Korosho nunueni zilizobanguliwa na kukaangwa, zifungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kama mnarudi nchi za mbali angalieni kwanza masharti ya forodha ya huko kuhusu vyakula.